Racheti ya bei ya chini: ya kununua na ya kuacha dukani

Ukipita Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, utaona boksi la racheti na soketi, vipande 46, linauzwa bei ambayo hata fundi anayeanza anaimudu. Pembeni yake kuna racheti moja tupu, yaani mkono wa kuzungushia soketi za nati na bolti, haina hata soketi, na bei yake ni mara kadhaa ya boksi zima. Swali ni kama ile ya bei chee inafaa kununuliwa. Kwa gari dogo, pikipiki, jenereta na pampu ya maji, inafaa, mradi uitume kazi ya kuzungusha tu, na nati iliyoganda uiachie chuma kingine. Wengi wanaolalamika kwamba racheti za rahisi hazidumu walizichomekea bomba la kurefusha mkono kwanza.

Ndani ya kichwa cha racheti hamna vitu vingi. Kuna gia ndogo, ulimi mmoja au ndimi mbili zinazoingia kwenye meno ya gia hiyo, springi nyembamba inayousukuma ulimi, na swichi ya kugeuza upande. Unapovuta, ulimi umekaa katikati ya meno na mzigo wote unapita pale. Unaporudisha mkono, ulimi unaruka jino kwa jino, ndiyo ile sauti ya kukatakata. Kwa hiyo nguvu zako zote zinabebwa na kipande cha chuma kisichozidi ukucha wa kidole gumba. Tofauti ya bei imejificha humo: ugumu wa ulimi, jinsi unavyokaa kwenye meno, na springi kama itaendelea kusukuma baada ya mwaka wa vumbi. Mng'aro wa mkono wa racheti hauna maana yoyote. Hata herufi Cr-V (chuma chenye kromi na vanadi) zilizogongwa ubavuni zinahusu chuma cha mkono, hazikuambii ulimi umetengenezwa kwa nini.

Kabla ya kuuliza bei, jua unahitaji mraba upi, yaani ile ncha ya pembe nne inayoingia kwenye soketi. Wa inchi 1/4 (milimita 6.3) ni wa vitu vidogo: kava za plastiki, dashibodi, kabureta, klipu za mipira ya maji. Wa 3/8 (milimita 9.5) ndio unaofanya kazi nyingi kwenye gari la Kijapani, kwa sababu bolti zake nyingi zina vichwa vya milimita 10, 12 na 14. Wa 1/2 (milimita 12.7) ni wa 17, 19 na 21, yaani miguu, injini inaposhushwa, na tairi. Kama gari ni la Ulaya, hakikisha seti ina 13, 15, 16 na 18, maana seti zinazolenga Toyota mara nyingi huziruka.

Lile boksi la vipande 46 lina mtego wake. Racheti yake ni ya 1/4, lakini soketi zinafika hadi 14. Mwenye gari anaiona 14, anakumbuka bolti ya kumwagia oili ya Toyota ni 14, anaichomeka na kuvuta. Bolti ile kwenye injini nyingi za Toyota ndogo hukazwa kwa nyutoni mita 37 hivi (Nm, kipimo cha nguvu ya kuzungusha). Kiwango cha kimataifa cha ISO 3315 kinataka racheti ya 1/4 ihimili Nm 62, ya 3/8 ihimili 202, na ya 1/2 ihimili 512. Kwenye karatasi basi 1/4 inatosha. Ila bolti hiyo ilishakazwa na kijana wa kubadilisha oili aliyetumia spana ndefu na hasira, na racheti uliyonunua haikuandikwa popote kwamba imepimwa kwa kiwango chochote. Racheti isiyo na kiwango ichukulie nusu ya namba hizo: Nm 30 kwa 1/4, 100 kwa 3/8, 250 kwa 1/2. Hiyo nusu ni tahadhari ya fundi, haitoki kwenye kitabu, lakini ukiifuata racheti za bei ya chini hukaa miaka.

Sasa habari ya bomba. Mtu wa kilo 70 akiegemeza uzito wake wote mwishoni mwa mkono wa sentimita 25, analeta karibu Nm 170. Racheti nzuri ya 1/2 haishtuki, na ya bei chee inavumilia. Akichomeka bomba mkono ukafika mita moja, mtu yuleyule analeta Nm 680 na zaidi. Hapo hata ile ya bei kubwa iliyopimwa 512 imepitwa. Kitakachotokea ni kimoja kati ya vitatu: ulimi unavunjika, meno ya gia yanalika, au mraba unakatika shingoni. Mara zote mkono wako unakwenda mbele bila breki na vidole vinakutana na kingo za bodi.

Kwa hiyo ukinunua racheti ya rahisi, nunua siku hiyohiyo mkono mrefu wa kulegezea, ule usio na racheti, wenye shingo inayokunjika na mraba wa 1/2, urefu wa sentimita 45 hadi 60. Hauna ulimi wala springi, kwa hiyo hata wa bei ya kawaida unaaminika. Nati za tairi za magari madogo ya Toyota hutakiwa kukazwa kwa Nm 103, lakini zikishapigwa na mashine ya upepo huko kwa mtu wa pancha, kuzifungua ni habari nyingine kabisa. Legeza kwa mkono mrefu robo mzunguko, kisha racheti imalizie.

Idadi ya meno ndiyo wauzaji wanayoipigia debe, na ni rahisi kuihakiki. Zungusha mraba robo mzunguko huku ukihesabu milio, kisha zidisha kwa nne. Ukipata 9, meno ni 36. Ukipata 18, ni 72. Gawanya 360 kwa meno upate nyuzi unazohitaji kurudisha mkono: meno 24 yanataka nyuzi 15, 36 yanataka 10, 72 yanataka 5. Chini ya injini, ambako mkono umebanwa kati ya bomba la egzosi na fremu, hizo nyuzi 5 ni tofauti kati ya kufungua na kushusha vitu vingine kwanza. Lakini meno mengi ni meno madogo, na meno madogo yanataka ulimi uliochongwa kwa usahihi, unaoshika meno kadhaa kwa wakati mmoja. Kiwanda kilichobana gharama hakikupi usahihi huo kila mara. Kwa pesa ndogo, chagua 36 au 45 yenye meno manene kuliko 72 inayocheza. Zikiwepo zote mbili kaunta, na ile ya 72 imepita majaribio yafuatayo, chukua ya 72.

Nenda dukani na bolti moja mfukoni, yenye kichwa cha 12 au 13 na nati yake. Vitu hivi havionekani kwenye picha ya mtandaoni, ndiyo maana racheti ya bei chee inunuliwe kwa kushika. Kwanza shika kichwa na uutikise mraba juu-chini na kushoto-kulia. Kucheza kidogo ni kawaida. Ukiona gia nzima inainama na kufungua ufa kwenye mfuniko, rudisha. Geuza swichi mara kumi. Inatakiwa ipige na kukaa upande mmoja, isibaki katikati. Swichi inayobaki katikati ndiyo inayoufanya ulimi ushike nusu, na ulimi ulioshika nusu ndio unaoruka unapovuta kwa nguvu. Kisha chomeka soketi, ielekeze chini, na utikise. Gololi ya mrabani inatakiwa iishike. Soketi ya 10 ikidondoka dukani, itadondoka pia ndani ya injini, na hapo utajua maana ya kupoteza siku.

Bolti yako sasa. Shikilia nati kwa vidole, ingiza bolti nusu bila kuibana, weka racheti, na uicheze mbele na nyuma. Wakati wa kurudi, bolti inatakiwa ibaki palepale. Ikirudi pamoja na mkono, springi ni ngumu mno au ndani kumejaa grisi nzito, na kila nati iliyolegea utaimalizia kwa vidole. Wengi hawalipimi jambo hili na ndilo linalokera kuliko yote, kwa sababu halivunji kitu, linakula muda tu.

Mwisho tazama mfuniko wa kichwa. Ukiona skrubu mbili au klipu ya duara, racheti inafunguka, na unaweza kuisafisha. Iliyopigwa ripiti ikishaingia mchanga ndiyo basi. Kama muuzaji ana paketi za ulimi na springi za akiba kwa chapa hiyo, hata bei ikiongezeka kidogo, lipa.

Nyumbani ijaribu kwa mzigo kabla hujaiamini. Bana mraba kwenye jiliwa, mkono ukiwa umelala sawasawa na sakafu, halafu ning'iniza mwishoni ndoo ya lita 20 iliyojaa maji. Kwa mkono wa sentimita 25 hiyo ni karibu Nm 50. Kwa wa sentimita 20 ni 40. Kwa ile ndogo ya 1/4 yenye sentimita 15 ni 30. Kwa racheti ya 1/2 ongeza ndoo ya pili, ufike karibu Nm 100, jirani na nati ya tairi. Mguu usiwe chini ya ndoo. Sogeza jino moja, rudia, sogeza tena, kisha geuza swichi ujaribu upande wa pili. Kasoro nyingi ziko upande mmoja tu, au kwenye jino moja lililochongwa vibaya. Ikiruka hata mara moja, irudishe dukani siku hiyohiyo, ikiwa bado inang'aa na risiti iko mkononi.

Kuna watu ambao ushauri huu hauwafai. Fundi wa gereji anayeshika racheti kutwa nzima atafute 3/8 nzuri, kwa sababu hiyo ndiyo inayozunguka mara mia kwa siku. 1/2 anaweza kuanza na ya bei chee. Wa malori aachane kabisa na za rahisi: huko ni mraba wa 3/4, na kuruka kwa jino kunavunja mfupa. Na anayetaka thamani bila kulipa bei ya dukani atazame mitumba ya Kijapani na Kijerumani, chapa kama KTC, Koken, Hazet na Gedore. Iliyochakaa nje lakini ulimi wake unapiga vizuri inashinda mpya isiyo na jina. Angalia tu kona za mraba: zikiwa zimepinda kama skrubu, imeshavutwa kupita uwezo wake.

Pesa uliyookoa kwenye racheti usiirudishe mfukoni yote. Soketi ndizo zinazogusa nati, na soketi mbaya inaharibu kitu ambacho si cha kwako kubadilisha kwa urahisi. Chagua za pembe sita, si kumi na mbili, kwa sababu zinabana ubavu wa nati badala ya kukwangua kona. Nati ikishalika kona, racheti ya bei yoyote haina la kufanya. Ni mambo ya patasi na kulehemu. Ongeza viungio viwili vya urefu, sentimita 7.5 na 15, na soketi ndefu ya 10 na 12. Adapta ya kutoka 3/8 kwenda 1/2 iache, maana inakushawishi uvute racheti ndogo kwa soketi kubwa.

Utunzaji ni mfupi. Racheti nyingi za bei chee hutoka kiwandani ama kavu ama zimejazwa grisi nene ya kuzuia kutu. Zote mbili ni mbaya: kavu inalika, na grisi nene inauzuia ulimi kushuka hadi chini ya meno, hasa kwenye meno 72. Piga picha kwa simu kabla ya kufungua, na ufungue ukiwa umeiingiza ndani ya mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga, kwa sababu springi na gololi huruka na hazionekani tena. Osha kwa mafuta ya taa na mswaki wa zamani, kausha, weka matone machache ya oili nyepesi, ile ya cherehani inatosha, na grisi laini kiasi cha punje ya mchele kwenye gia. Kwa anayefanya kazi barabarani penye vumbi, rudia kila miezi miwili au mitatu. Ukisikia mlio umekuwa mzito, au umeruka mara moja wakati wa kuvuta, usiendelee. Fungua uangalie ncha ya ulimi: ikiwa na uchafu, safisha, ikiwa imekuwa duara, badilisha ulimi na springi pamoja. Vipuri visipopatikana, racheti hiyo haifai tena kukaa kwenye boksi la zana, hata kwa kazi ndogo, kwa sababu atakayeazima kesho hatajua kwamba inaruka.