Maswali ya Wasomaji: Vitabu vya Kusoma Likizoni

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mhariri. Kila majira ya joto ninapopata likizo ya wiki nne, hujipangia kusoma vitabu vitano au sita vya Kikristo, na kwa kawaida huvimaliza vyote. Hata hivyo, nikirejea kazini na rafiki akaniuliza nimejifunza nini, hujikuta nikitaja majina ya vitabu tu. Nichague vipi vitabu vitakavyonifanya nitafakari?

JIBU: Amina, ndugu msomaji. Barua yako imenikumbusha swali ambalo Filipo alimwuliza towashi wa Kushi, aliyekuwa garini akisoma chuo cha nabii Isaya, kama aliyaelewa aliyokuwa akiyasoma. Towashi hakuona haya kukiri kwamba alihitaji mtu wa kumwongoza, na jambo linalonigusa katika habari ile ni kwamba mazungumzo yao yalianzia kwenye fungu moja tu la Maandiko. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kupunguza. Kwa wiki nne chukua vitabu viwili: kimoja cha kusoma asubuhi ukiwa na kalamu na daftari, na kingine chepesi zaidi cha jioni.

Kabla ya kukichagua kitabu, pitia yaliyomo, soma utangulizi, kisha ufungue ukurasa wowote wa katikati. Tafuta mstari mmoja au miwili ya Biblia ambayo mwandishi ameitumia, ukasome sura nzima ilimotoka. Ukiona kwamba mstari ule, ukisomwa mahali pake, unasema jambo jingine kabisa, kiache kitabu hicho, hata kama kimesifiwa na watu wengi. Angalia pia kama mwandishi anazieleza hoja za wanaompinga kwa namna ambayo wao wenyewe wangeikubali, kwa kuwa mwandishi wa aina hiyo anakuachia nafasi ya kupima. Mimi hukitilia shaka kitabu ambacho jalada lake linaahidi kumaliza tatizo la maisha yote kwa hatua saba. Msomaji wake hapewi jambo la kutafakari, anapewa maagizo.

Kwa kitabu cha asubuhi ningekupa Maungamo ya Augustino. Mwandishi huyu alizaliwa mwaka 354 huko Thagaste, katika nchi ambayo leo ni Aljeria, naye alianza kukiandika yapata mwaka 397, akiwa tayari askofu wa Hippo. Tangu mwanzo hadi mwisho anazungumza na Mungu, nasi tunakuwa kama watu wanaomsikiliza mwenzao akisali. Ndiyo maana kitabu hiki hakisomeki kwa haraka. Kina sehemu 13, hivyo ukisoma sehemu moja kwa siku mbili utakimaliza kwa siku 26. Katika sehemu ya pili anasimulia jinsi alivyoiba matunda pamoja na wenzake alipokuwa na umri wa miaka 16, ingawa hakuwa na njaa na kwao alikuwa na matunda mazuri zaidi, kisha anajihoji kwa kurasa nyingi alikipenda nini hasa katika wizi ule. Ukifika hapo, funga kitabu, uandike kosa moja ulilowahi kulitenda bila kuhitaji faida yake. Nina hakika kwamba rafiki yako akikuuliza tena, utakuwa na la kumweleza.

Sehemu tisa za kwanza ni habari za maisha yake. Ya kumi inahusu kumbukumbu, ya kumi na moja wakati, na mbili za mwisho zinafafanua mwanzo wa kitabu cha Mwanzo. Ukichoka, sioni ubaya kuishia ya tisa, pale mama yake, Monika, anapofariki, mradi uzirudie zilizobaki siku nyingine.

SWALI: Mimi na mume wangu tungependa kuwasomea watoto wetu hadithi ya Kikristo wakati wa likizo, lakini ndugu mmoja ametuambia kwamba hadithi za kubuni ni kupoteza muda. Unasemaje?

JIBU: Dada yangu, Bwana wetu mwenyewe alifundisha kwa mifano, na Msamaria mwema amewafikirisha watu kuliko hotuba nyingi. Anzeni na Safari ya Msafiri ya John Bunyan, mhubiri wa Uingereza aliyefungwa mwaka 1660 kwa kuhubiri bila idhini, akakaa gerezani miaka 12. Sehemu ya kwanza ya kitabu chake ilichapishwa mwaka 1678. Mtu aliyeonja gereza ndiye aliyeandika jinsi Mkristo, msafiri wa hadithi hiyo, na mwenzake walivyokamatwa na jitu liitwalo Kukata Tamaa, wakafungiwa katika ngome ya Shaka tangu Jumatano, wakipigwa na kushawishiwa wajiue, hadi usiku wa Jumamosi walipoanza kuomba. Ndipo Mkristo anakumbuka kwamba siku zote hizo alikuwa na ufunguo kifuani mwake, uitwao Ahadi. Someni kwa sauti mpaka pale mlango wa ngome unapofungwa, mkomee hapo kwa usiku huo, na muwaache watoto walale wakijiuliza wafungwa wale watatokaje.