Shangazi, nikinyanyua ndoo mkojo unanitoka

*Shangazi, shikamoo. Nina watoto wanne, nauza mahindi na alizeti sokoni Majengo. Tangu nimzae huyu wa mwisho, nikinyanyua ndoo mkojo unanichuruzika. Nikipiga chafya, vilevile. Siku hizi navaa kanga mbili, na nikiwa sokoni maji sinywi. Jioni nahisi uzito huko chini, kama kuna kitu kinataka kushuka. Wifi anasema sikufungwa tumbo vizuri, nisibebe tena mzigo maishani. Nisipobeba, watoto watakula nini? Mume wangu sijamwambia, anadhani namkimbia. – Mama Wanne, Chang'ombe, Dodoma*

Marahaba, mwanangu. Nianze na maji, maana hapo umenikera. Jua la Dodoma mwezi wa kumi, mtu ashinde sokoni bila kunywa! Mkojo mzito unakichokoza kibofu, haja inakubana zaidi. Choo nacho kinakuwa kigumu, unakaa unajikamua, na huko kujikamua kunaisukuma misuli ile ile iliyokwisha kulegea. Kunywa maji. Na mlenda usikose mezani.

Misuli yenyewe imetandazwa chini ya nyonga, toka mfupa wa mbele hadi kifandugu, kama kamba za kitanda cha teremka tukaze. Ndiyo inayobeba kibofu, kizazi na utumbo wa haja kubwa. Mimba na uzazi huilegeza. Kitanda cha kamba kikilegea hukitupi, unakikaza. Kanga ya tumboni haiifikii misuli hiyo, na ikikazwa mno inasukuma kwenda chini, kwa hiyo wifi msamehe tu.

Kukaza ni hivi. Bana kama mtu anayezuia ushuzi mbele ya wakwe, uvute ndani na juu. Matako na tumbo vitulie. Hesabu hadi tano, achia kabisa, pumzika, rudia mara kumi. Fanya hivyo mara tatu kwa siku, ukiwa umekaa hapo hapo kwenye meza yako ya biashara, hakuna atakayejua. Usifanye wakati unakojoa. Daktari Mmarekani Arnold Kegel aliyaeleza mazoezi haya mwaka 1948, na bado ndiyo wanayoanza nayo madaktari. Yape miezi mitatu kabla hujayahukumu.

Kubeba sikukatazi maisha, ila kunyanyua kwako kubadilike. Ndoo ya lita 20 ikijaa maji ni kilo 20, na wengi wetu tunabana pumzi, tunaguna, tunainua. Pumzi hiyo iliyokosa pa kutokea inashindilia chini. Ivute ndoo karibu na mwili, piga magoti, bana kwanza, ndipo uinue huku unatoa pumzi. Usijitwishe peke yako, omba jirani akutwishe. Debe ligawe mara mbili. Magunia waachie makuli, hata kama wanakula faida kidogo.

Ule uzito wa jioni ni habari nyingine. Huenda kizazi au kibofu kimeanza kushuka, na hilo linajulikana kwa kupimwa tu. Nenda kituo cha afya, omba rufaa uonwe na daktari wa wanawake pale hospitali ya General au ya Benjamin Mkapa, na uulizie mtaalamu wa mazoezi tiba. Kuna pete laini inayowekwa ukeni ikashikilia. Si kila mtu anafika kwenye upasuaji. Ukiona kinyama kimetokeza, damu kwenye mkojo, au mkojo umegoma kutoka, usingoje. Ukitiririka mchana na usiku bila kukoma, hiyo inaweza kuwa fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke, nayo inatibika.

Mumeo mwambie leo. Mwanamume asiyeambiwa hujijazia mwenyewe, na anachojijazia hakikupendezi. Maneno mafupi yanatosha: uzazi umenilegeza, naenda kutibiwa, sikukimbii. Kisha mpe kazi: mpaka daktari akuone, ndoo za maji za asubuhi ni zake.