Tamasha la Salzburg 2020 lilifanyika, watazamaji wakiwa ukumbini

Wapo wanaosema matamasha yote makubwa ya muziki Ulaya yalifutwa 2020 kwa sababu ya korona. Si kweli. La Salzburg, Austria, lilifanyika Agosti 1 hadi 30, tena katika mwaka wake wa 100. Lilipunguzwa tu: maonyesho kama 110 badala ya 200, na waandaaji wenyewe walitangaza kuuza tiketi zaidi ya 76,000.

Kilichowasaidia ni mpangilio. Tiketi iliandikwa jina la mtu, ili akipatikana mgonjwa waliokaa karibu naye watafutwe. Viti viliachwa wazi kimoja kimoja, kama ubao wa drafti. Barakoa mpaka uketi. Mapumziko hakuna, vinywaji hakuna, maana watu husongamana zaidi kwenye korido na foleni ya soda kuliko kitini. Hata opera ya Mozart, Così fan tutte, ilifupishwa ili iimbwe mfululizo. Wasanii nao walipimwa mara kwa mara, na kwangu hilo ndilo lilikuwa na uzito zaidi, kwa sababu mwimbaji hawezi kuvaa barakoa.

Ila kilikuwa kiangazi, maambukizi yakiwa chini. Novemba Austria ilifunga tena kumbi zake.