Kupunguza picha iingie chini ya KB 200
Dada, picha yako ya MB 4 itaingia kwenye fomu inayotaka chini ya KB 200 bila kulipia chochote. Fungua tovuti ya squoosh.app kwenye kivinjari, kisha chagua picha yako. Picha inashughulikiwa humo humo kwenye simu yako, haipelekwi kwenye seva ya mtu, na kwa picha ya kitambulisho hilo ni jambo kubwa. Washa Resize (kubadilisha vipimo), andika upana 800, urefu utajipanga wenyewe. Picha ya 4000 kwa 3000 ina pikseli, yaani nukta zinazounda picha, milioni 12; ikiwa 800 kwa 600 zinabaki 480,000 tu. Chagua MozJPEG (njia ya kubana picha za JPEG), ubora 75, kisha tazama ukubwa mpya kabla ya kupakua. Ile ya awali usiifute kabisa, maana pikseli zilizoondolewa hazirudi.