Intaneti ipo, programu inakataa

Swali: Tovuti zote zinafunguka, ila programu ya kuandikia inasema hakuna intaneti na nyaraka zangu hazihifadhiki mtandaoni. Niifute?

Jibu: Usiifute, ndugu msomaji, utahangaika bure. Programu za namna hii mara nyingi huiuliza Windows kama mtandao upo. Nayo Windows 10 na 11 hujipima kwa kuvuta faili dogo la maandishi kutoka www.msftconnecttest.com. Njia hiyo ikizibwa, jibu huwa "hakuna", hata kama kivinjari kinapeta. Mimi humshuku kwanza VPN (programu inayopitisha mtandao wako kwenye seva nyingine): izime, kisha funga programu na uifungue upya. Ikigoma, andika kwenye kivinjari www.msftconnecttest.com/connecttest.txt. Yasipotokea maneno "Microsoft Connect Test", kagua proksi (seva ya kati ambayo mtandao wako hupitia) na programu ya ulinzi. Kwenye kompyuta ya kazini, tafadhali mwachie fundi wa mtandao.