Bomba la gesi Dar–Mombasa: semeni kabla njia haijachorwa

Mei 2021, Kenya na Tanzania zilitiliana saini jijini Nairobi makubaliano ya bomba la kuleta gesi asilia kutoka Dar es Salaam hadi Mombasa. Wasomaji wa Kwale, kaunti ya pwani ya Kenya inayopakana na Tanzania, wanauliza sauti yao itasikika wapi.

*Bomba likipita shambani kwangu Lunga Lunga, nitahamishwa?*

Si lazima. Serikali inaweza kuitwaa ardhi kwa fidia, au ikachukua haki ya njia tu: hati inabaki kwa jina lako, bomba linafukiwa, nawe unaendelea kulima mahindi juu yake. Ila nyumba hujengi tena pale, wala miti yenye mizizi ya kwenda chini hupandi. Hapo ndipo penye hasara kwa mkulima wetu, maana mnazi na mkorosho ni mapato ya miaka na miaka. Ulizeni mapema: mnazi unaozaa utalipwa bei gani, na mche wa mwaka jana je? Hesabu miti yako sasa, ipige picha, mzee wa kijiji atie sahihi kwenye orodha.

*Kwenye mradi mwingine tuliitwa barazani, tukasema, tukapewa soda, tukatia sahihi. Maoni yetu yalikwenda wapi?*

Huenda mlichotia sahihi ni orodha ya mahudhurio, na orodha hiyo huambatishwa kwenye ripoti kuwa ushahidi kwamba mlishirikishwa. Inauma. Soma kichwa cha karatasi kabla hujashika kalamu.

Ipo nafasi nyingine ambayo wengi hawaijui. Ripoti ya tathmini ya athari za mazingira ikishafika NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, sheria ya mazingira ya 1999 inaitaka NEMA itangaze gazetini, iseme ripoti inasomewa wapi na maoni yanapokewa hadi lini. Yawe ya mdomo au ya maandishi, ila mimi nasema andikeni, na Kiswahili kinatosha. "Hatulitaki bomba" hujibiwa kwa mstari mmoja. "Bomba liko mita ngapi kutoka kisima cha shule yetu, na likivuja usiku nani anafunga vali, akitokea wapi?" lazima mtu akae chini alifanyie kazi. Bakini na nakala iliyogongwa muhuri.

*Wakubwa wameshasaini. Si tunajisumbua bure?*

Hapana. Mradi wa umeme wa makaa ya mawe Lamu ulikuwa umeshapewa leseni na NEMA. Wananchi wakakata rufaa, na Juni 2019 Jopo la Kitaifa la Mazingira likaifuta, sababu mojawapo ikiwa umma haukushirikishwa ipasavyo. Mtwara, kusini mwa Tanzania inakotoka gesi, mambo yalikuwa mengine. Watu waliuliza watafaidika nini na gesi yao wakati bomba la kwenda Dar limeshaamuliwa. Mwaka 2013 zikazuka ghasia, watu wakafa, na bomba likazinduliwa 2015. Swali lao lilikuwa la haki kabisa, na lilistahili kujibiwa kabla mtaro wa kwanza haujachimbwa.

*Sisi ni wavuvi wa Vanga, hatuna shamba. Yatuhusu?*

Yanawahusu. Ibara ya 42 ya Katiba inampa kila mtu haki ya mazingira safi, na ibara ya 70 inasema anayeidai mahakamani halazimiki kuthibitisha kwamba amepata hasara. BMU yenu, yaani kikundi chenu cha kusimamia ufuo, iandike mikoko iko wapi, samaki wanazalia wapi na vyombo vinapita wapi, kisha barua ifike ofisi ya NEMA ya kaunti.