Fremu imefungwa, je, Mungu ameniacha?

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, nimeokoka na ninaishi Mbeya. Nimefunga duka langu la vitenge baada ya kushindwa kulipa kodi ya fremu. Kiongozi wa kikundi chetu cha maombi anasema ulinzi wa Mungu umeondoka kwangu kwa kuwa sijatoa sadaka ya kuvunja laana ya ukoo, na anataka nikope kwenye kikoba ili niitoe. Silali usiku, nikiwaza kwamba huenda hata wokovu sina tena. Mama wa Vitenge*

Marahaba, mwanangu, na pole sana. Usikope. Naanza na hilo kwa sababu deni la kikoba halisubiri, na kwa sababu unachouziwa kilikwisha kulipiwa.

Waraka kwa Waefeso uliandikiwa watu walioijua hofu kama yako. Mji wa Efeso, ambao magofu yake yako magharibi mwa Uturuki ya leo, ulisifika kwa hekalu la Artemi na kwa uganga. Matendo 19 inasimulia jinsi wengi walioamini walivyovichoma hadharani vitabu vyao vya uganga, ambavyo thamani yake ilipohesabiwa ilifika vipande 50,000 vya fedha. Watu waliozoea kununua kinga kwa fedha nyingi kiasi hicho wangeweza kutozwa tena kwa urahisi, lakini Paulo, ambaye katika waraka huo anajitaja kuwa mfungwa, hakuwatajia bei yoyote. Katika sura ya kwanza anawahesabia walichokwisha kupewa ndani ya Kristo: wamefanywa wana, wamekombolewa kwa damu yake, wamesamehewa dhambi, na wametiwa muhuri kwa Roho Mtakatifu, aliye arabuni ya urithi wao. Wewe umefanya biashara, unajua kwamba anayetoa arabuni ndiye anayejifunga kurudi kukamilisha. Hapa aliyeitoa ni Mungu mwenyewe. Na kuhusu laana, soma Wagalatia 3:13, inayosema kwamba Kristo alitukomboa katika laana ya torati, kabla hujamsikiliza mtu mwingine yeyote.

Kufungwa kwa fremu hakuthibitishi kwamba Mungu amekuacha. Katika Ufunuo, kanisa la Smirna linaambiwa, “Naijua dhiki yako na umaskini wako, (lakini u tajiri)”, ilhali Laodikia, lililojiona tajiri lisilohitaji kitu, linaitwa maskini na kipofu. Inaniuma kuona mama aliyefilisika akiongezewa mzigo wa kujiona amelaaniwa, na tena anaongezewa na watu wanaopaswa kumshika mkono.

Swali lako la wokovu ni zito zaidi. Makanisa yetu hayafundishi sawa kuhusu kama aliyeamini aweza kuanguka na kupotea, na maonyo ya Waebrania 6 yapo, hatuwezi kuyafuta. Hata hivyo, maonyo hayo yanawahusu wanaomkana Kristo na kumpa kisogo, hayamhusu mama aliyeshindwa kodi na bado anamlilia usiku. Kuhusu kondoo wake Yesu alisema kwamba hakuna atakayewapokonya katika mkono wake, wala katika mkono wa Baba (Yohana 10:28-29). Usalama wako unategemea nguvu ya mkono huo, hautegemei kiasi ulichoweka kwenye bahasha ya sadaka, wala hata uimara wa imani yako unaopanda na kushuka.

Sasa nenda kwa mchungaji wako, umweleze yote uliyoambiwa, pamoja na kiasi ulichotakiwa kutoa; ikiwezekana, fuatana na mama mmoja wa kanisani unayemwamini. Ukiona kikundi kinaendelea kukudai, toka, na usione kwamba umemtoka Mungu. Vitenge vilivyobaki ndani viorodheshe, uviuze hata kwa bei ya chini, kisha ukae na mwenye fremu mpange namna ya kumaliza kodi anayokudai. Watoto wako waambie ukweli kuhusu duka, kwa maneno yanayolingana na umri wao, ili wasije wakasikia kwa jirani kwamba mama yao ana laana.